Kalenda ya Kumchagua Rais wa Marekani, kwa Sisi Tunaoishi Kentucky

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu na vijana mliofika, habari za mchana. Asanteni kwa kuitoa Jumamosi yenu. Najua wengine mmetoka zamu ya usiku moja kwa moja hadi hapa, bila kulala.

Nimeombwa nieleze jinsi rais wa nchi hii anavyopatikana, tangu wagombea wanapoanza kuchujwa hadi siku ya kuapishwa. Nitaeleza. Lakini mkisahau mengine yote, shikeni tarehe moja: 31 Desemba.

Wengi humu mmeshakula kiapo cha uraia. Mnalikumbuka swali lile la mtihani: tunampigia kura rais mwezi gani? Ukajibu Novemba, afisa akaendelea na swali jingine. Ulijibu sawasawa. Ila kwa mtu anayeishi Kentucky, kujua Novemba peke yake kunaweza kumnyima sehemu kubwa ya haki aliyoiapia. Huku mlango mmoja wa uchaguzi, ule wa kubadilisha chama ulichojiandikisha, hufungwa tarehe 31 Desemba ya mwaka unaotangulia, usiku ule ambao sisi tuko kwenye mkesha tukiusubiri mwaka mpya. Kwa uchaguzi wa 2028, mlango huo utafungwa tarehe 31 Desemba 2027.

Nianze na msingi. Rais wa Marekani huchaguliwa kwa hatua mbili. Kwanza kila chama kinatafuta mgombea wake: hizo ndizo kura za mchujo. Kisha wagombea wa vyama wanakutana Novemba kwenye uchaguzi mkuu. Kule tulikotoka, hatua ya kwanza mara nyingi ni ya wenye chama. Mgombea wa CCM hupitishwa na mkutano mkuu wa chama. Kongo, mara nyingi mwananchi humjua mgombea pale jina linapopelekwa CENI, tume ya uchaguzi. Mwananchi wa kawaida anakuja kuulizwa mwishoni, majina yakiwa yameshapangwa. Hapa mpiga kura wa kawaida, fundi, dereva, mama anayefanya usafi hospitalini, anaruhusiwa kuingia kwenye hatua ya kwanza na kusema: chama hiki kimsimamishe fulani.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1968 Hubert Humphrey aliteuliwa kuwa mgombea wa chama cha Democratic bila kushindana katika kura ya mchujo ya jimbo hata moja. Wakubwa wa chama walimpitisha kwenye mkutano mkuu wa Chicago, huku nje polisi wakiwapiga virungu vijana waliokuwa wakiandamana kupinga vita vya Vietnam. Robert Kennedy, aliyekuwa ameshinda mchujo wa California mwezi Juni, alikuwa ameuawa. Watu walikasirika sana. Chama kikaunda tume, kanuni zikaandikwa upya, na kuanzia 1972 wajumbe wengi wa mkutano mkuu wakawa wanapatikana kwa kura za wananchi. Republican nao wakajikuta wanafuata, maana majimbo yalipotunga sheria za kura za mchujo, sheria hizo zilihusu vyama vyote viwili. Kwa hiyo haki hii ya kumchagua mgombea haina umri mkubwa. Kuna wazee humu ndani waliozaliwa kabla yake.

Sasa, kura hizi za mchujo hazipigwi siku moja nchi nzima. Kila jimbo lina tarehe yake, na hapo ndipo kalenda inapochanganya watu. Iowa ilikuwa ya kwanza kuanzia 1972. Iowa hawapigi kura kwa mtindo tuliouzoea. Wana kokasi: jioni ya baridi kali watu wanakusanyika kwenye ukumbi wa shule au wa kanisa, wanasikiliza watetezi wa wagombea, kisha wanahesabiana. Mambo ya kuhesabiana yana matatizo yake. Mwaka 2012 chama cha Republican kilitangaza kwamba Mitt Romney ameshinda Iowa kwa kura 8. Wiki mbili baadaye hesabu iliyothibitishwa ikaonyesha kwamba Rick Santorum ndiye aliyeongoza, kwa kura 34. Lakini ndani ya wiki hizo mbili Romney alikuwa ameshatembea nchi nzima akiitwa mshindi.

Baada ya Iowa inakuja New Hampshire, ambayo sheria yake yenyewe inadai kwamba kura yake ya mchujo iwe mbele ya nyingine za aina hiyo, angalau kwa siku saba. Mwaka 2024 chama cha Democratic kilitaka South Carolina ianze, kwa sababu Wamarekani weusi ni sehemu kubwa ya wapiga kura wake kule, na Iowa na New Hampshire ni majimbo ya wazungu karibu watupu. New Hampshire ikakataa kusogea, ikapiga kura yake tarehe 23 Januari. Jina la Rais Biden halikuwemo kwenye karatasi, na bado alishinda, watu wakiliandika wenyewe kwa mkono.

Mwezi Machi inafika Jumanne Kuu, siku ambayo majimbo mengi hupiga kura kwa pamoja. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 5 Machi, majimbo 15, California na Texas yakiwemo. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe, na mgombea anawakusanya jimbo kwa jimbo. Democratic huwagawa kwa uwiano: ukipata angalau asilimia 15 ya kura, unapata fungu lako. Republican wana majimbo ambayo mshindi anawabeba wote. Anayefikisha zaidi ya nusu ya wajumbe wote ndiye mgombea, hata kama bado kuna majimbo hayajapiga kura.

Na sisi? Sheria ya Kentucky inaweka mchujo Jumanne ya kwanza baada ya Jumatatu ya tatu ya Mei. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 21 Mei. Trump na Biden wote wawili walikuwa wamekwisha kufikisha idadi ya wajumbe tarehe 12 Machi, wiki kumi kabla yetu. Nasema wazi kwamba mimi hili linaniuma. Majimbo madogo ya mbele yanatembelewa na wagombea hadi kwenye migahawa na majumbani, na sisi tunakaribishwa meza ikiwa imeshafutwa. Si haki, na ningependa siku moja zamu ya kuanza izunguke.

Lakini msiseme basi hakuna haja ya kupiga kura Mei. Mwaka 2016 Hillary Clinton na Bernie Sanders walifika Kentucky wakiwa bado wanakimbizana. Zilipigwa kura zaidi ya 400,000 kwenye mchujo wa Democratic, na tofauti yao haikufika kura 2,000. Na karatasi ile ile ya Mei hubeba wagombea wa Bunge la Marekani na wa bunge la jimbo pia. Kuna maeneo hapa ambako anayeshinda mchujo mwezi Mei ameshinda kiti, kwa sababu Novemba hana mpinzani wa maana.

Ngoja sasa niingie kwenye jambo lililonileta.

Mwaka 2024 nilimsindikiza mzee mmoja wetu kituoni, siku ya mchujo. Alivaa koti lake la ibada. Ilikuwa kura yake ya kwanza maishani. Alitoa leseni yake, karani wa kituo akaipitisha kwenye mashine, akasoma kioo, kisha akamwangalia na kumweleza kwa upole kwamba kwenye daftari ameandikwa hana chama, kwa hiyo hawezi kumpa karatasi yenye majina ya wagombea urais. Mzee akaniuliza kwa Kiswahili, “Kwani si wamenipa uraia?” Nikamweleza pale pale mlangoni. Aliniitikia kwa kichwa tu. Njia nzima kurudi nyumbani hakusema neno.

Kilichotokea ni hiki. Kentucky mchujo wake umefungwa. Aliyejiandikisha Democratic anapiga kura ya mchujo ya Democratic, aliyejiandikisha Republican anapiga ya Republican, na aliyejiandikisha bila chama hana kura ya mchujo wa rais. Majimbo mengine si hivyo. Texas, ukifika kituoni unachagua siku hiyo hiyo karatasi ya chama gani upewe. Kwa hiyo shemeji yako wa Houston au Dallas akikwambia kwenye simu kwamba chama si hoja, anakwambia ukweli wa kwao. Hapa kwetu chama ni hoja, na kinaamuliwa mapema.

Kwenye fomu ya kujiandikisha kuna sehemu ndogo inayouliza chama. Wengi wetu tukifika hapo kalamu inasimama. Naielewa sababu. Mtu aliyekimbia Kivu, au aliyelelewa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, au aliyeona Burundi kijana akiulizwa wewe ni wa chama gani kabla ya kupigwa, hawezi kuweka alama ya chama kwenye karatasi ya serikali kwa moyo mweupe. Anaona usalama uko kwenye kusema sina chama. Ni busara iliyookoa maisha ya watu, na mimi siidharau hata kidogo.

Ila hapa alama ile kazi yake ni nyingine. Hulipi ada. Hupewi kadi wala sare. Hakuna mwenyekiti wa mtaa atakayekuja kukuuliza mbona hukuhudhuria mkutano. Na Novemba uko huru kabisa: aliyejiandikisha Republican anaweza kumpigia Democratic, na kinyume chake, na asiye na chama anapiga kura kama wengine wote. Kura ni siri. Alama ile inasema tu kwamba mwezi Mei upewe karatasi ipi. Kitakachokusumbua ni barua na simu za wagombea, na hizo mtazizoea.

Ukitaka kubadilisha chama, kwa mfano kutoka hana chama kwenda Democratic au Republican, na mabadiliko hayo yakufae kwenye mchujo wa Mei, lazima uwe umebadilisha ifikapo tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia. Ukibadilisha tarehe 2 Januari, Mei inakupita. Anayejiandikisha kwa mara ya kwanza habanwi na tarehe hiyo: ukiapa uraia Februari, ukajiandikisha Machi na kuchagua chama, Mei unapiga kura. Ndiyo maana nawasihi mlio karibu kuapa: alama ya kwanza mtakayoweka, wekeni mkijua mnachofanya, kwa sababu kuisahihisha baadaye ndiko kunakoingia kwenye kikomo cha Desemba. Na ninyi vijana wenye miaka 17, mkiwa raia na mtatimiza 18 ifikapo siku ya uchaguzi wa Novemba, Kentucky inawaruhusu kujiandikisha na kupiga kura ya mchujo wa Mei. Nawaona mnaangaliana. Ni kweli.

Baada ya majimbo kumaliza mwezi Juni, vyama hufanya mikutano mikuu yao kati ya Julai na Agosti. Wajumbe hupiga kura rasmi na mgombea anakubali uteuzi. Kwa kawaida ni sherehe tu, lakini 2024 tuliona kwa nini wajumbe wapo: Biden alijitoa tarehe 21 Julai, mchujo ukiwa umekwisha, na wajumbe wale wale waliochaguliwa kwa jina lake wakamteua Kamala Harris.

Halafu Novemba. Sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1845 inasema Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo, ndiyo maana siku haiangukii tarehe moja: 2024 ilikuwa tarehe 5, na 2028 itakuwa tarehe 7. Nchi ilikuwa ya wakulima. Mavuno yalikuwa yameshaingia ghalani, Jumapili ilikuwa ya ibada, na wengi walihitaji siku ya kusafiri kwa farasi hadi makao ya kaunti.

Hapa nataka nisimame kidogo na ndugu zangu Wakongomani. Tarehe hii rais hana uwezo wa kuisogeza. Mchujo ni mambo ya majimbo, unaweza kusogezwa. Sisi wenyewe mwaka 2020, kwa sababu ya korona, tulitoka Mei tukapiga kura tarehe 23 Juni. Lakini uchaguzi wa rais haujawahi kuahirishwa. Mwaka 1864 nchi hii ilikuwa inauana, vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Lincoln, mzaliwa wa hapa Kentucky, alisimama kwenye uchaguzi siku ile ile ya kalenda. Ninyi mnajua tarehe inapoteleza inakuwaje. Muhula wa Rais Kabila ulikwisha Desemba 2016, na kura ikapigwa tarehe 30 Desemba 2018. Hata hapo, Beni na Butembo waliambiwa wasubiri hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama, na rais mpya aliapishwa Januari bila kura zao. Siku ile watu wa Beni walipanga foleni hata hivyo, wakajipigia kura yao wenyewe, wakijua kwamba haitahesabiwa. Humu ndani kuna watu ambao ndugu zao walikuwa kwenye foleni ile. Mtu aliyefanya vile haambiwi thamani ya kura. Anachohitaji kuambiwa ni tarehe na masharti.

Basi masharti ya Novemba ni haya. Kujiandikisha hufungwa takriban wiki nne kabla: mwaka 2024 ilikuwa tarehe 7 Oktoba, saa kumi jioni, si usiku wa manane. Ukihama nyumba, badilisha anwani yako kabla ya tarehe hiyo. Siku ya uchaguzi vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, mapema kuliko karibu majimbo yote. Ukiwa kwenye foleni saa hiyo inapogonga, usiondoke, una haki ya kupiga kura. Beba kitambulisho chenye picha.

Kwa wanaofanya zamu ndefu kwenye maghala na viwandani: Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi kabla ya Jumanne ya uchaguzi unaweza kupiga kura mapema bila kutoa sababu yoyote. Na sheria ya jimbo inamtaka mwajiri akupe angalau saa nne za kwenda kupiga kura, mradi umemwomba kabla ya siku hiyo. Halazimiki kukulipa saa hizo, lakini haruhusiwi kukuadhibu.

Kwa mama zetu na wazee ambao Kiingereza cha karatasi ni kigumu: sheria ya taifa inamruhusu asiyeweza kusoma karatasi ya kura kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe. Mwanao, jirani yako, yeyote unayemwamini. Asiwe tu mwajiri wako au wakala wake, wala wakala wa chama chako cha wafanyakazi. Mwambie karani wa kituo mapema kwamba una msaidizi. Na ewe kijana unayemsaidia bibi yako, msomee majina yote jinsi yalivyo, kisha weka alama pale anapokwambia yeye.

Usiku wa Novemba televisheni zitatangaza mshindi, lakini kisheria rais bado hajachaguliwa. Kura zetu huwachagua wajumbe maalumu wa jimbo. Kentucky ina 8, nchi nzima 538, na anayepata 270 ameshinda. Karibu majimbo yote humpa mshindi wajumbe wote. Maine na Nebraska ndiyo yanayogawa. Ndiyo maana mwaka 2000 na 2016 aliyepata kura nyingi za wananchi nchi nzima hakuwa rais. Wajumbe hao hukutana kila mmoja kwenye jimbo lake Jumanne inayofuata Jumatano ya pili ya Desemba, Bunge likahesabu kura zao tarehe 6 Januari, na tarehe 20 Januari, saa sita mchana, rais anaapa.

Zamani aliapa tarehe 4 Machi. Miezi minne ya kungoja ilikuwa hatari: kati ya Lincoln kuchaguliwa Novemba 1860 na kuapishwa Machi 1861, majimbo saba yalijitoa kwenye nchi. Mwaka 1933, uchumi ukiwa umeanguka na mabenki yanafungwa huku Roosevelt akisubiri zamu yake, marekebisho ya katiba ya kufupisha kipindi hicho yakapitishwa.

Kwa ambao hamjawa raia, na mko wengi: msijiandikishe, na msipige kura, hata mtu akiwaambia haina shida. Mwenye grini kadi akipiga kura ya rais ametenda kosa la jinai, na anaweza kufukuzwa nchini. Ukienda kuchukua leseni ya udereva ukaulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura, jibu hapana. Usiitikie tu kwa sababu unaharakisha. Kuna watu wema kabisa walioitikia “yes” bila kuelewa swali, na ombi lao la uraia likakwama.

Kalenda ya Kentucky pia haisubiri miaka ya rais. Gavana wetu huchaguliwa miaka isiyogawanyika kwa mbili. Uchaguzi ujao wa gavana ni 2027, nao una mchujo wake mwezi Mei, wenye mlango wake wa tarehe 31 Desemba 2026.

Fomu ziko kwenye meza ya pale nyuma, na vijana wawili wanaoandika vizuri wamejitolea kuwasaidia. Kama hujui umeandikwa chama gani, njoo na leseni yako, tutaangalia pamoja kwenye tovuti ya jimbo, inachukua dakika chache. Sasa karibuni maswali, na tuanze na wazee.